Uliza Tukujibu: Mchanga Wetu Umeenda Wapi?

Wasomaji wetu, mwezi huu sanduku la maswali limejaa udongo. Sitanii, karibu nusu ya meseji ni za mito, makorongo, fukwe na mchanga, nadhani ni kwa vile masika imetoka kupita na kila mtu kaona kitu kimeondoka mahali pake. Nimechagua sita, nimezifupisha maana wengine mnaandika kama mnatoa ushahidi mahakamani, na majibu ni ya kawaida ya safu hii, yaani bila fomula.

Nimezaliwa Kunduchi miaka ya 1970. Tulikuwa tunacheza chandimu ufukweni hata siku za bamvua, nafasi ya timu mbili na watazamaji juu. Leo maji yakijaa yanapiga miti, mizizi iko nje inaning'inia, na ukuta wa jirani yangu umeanguka mara mbili. Vijana wanasema ni tabianchi, wazee wanasema ni malori ya mchanga. Nani mkweli? (Baba Watatu, Kunduchi)

Baba Watatu, wote wana lao, ila mimi nitaanza na wazee kwa sababu kesi yao haisikilizwi sana siku hizi, kila kitu tunamsingizia tabianchi tunalala.

Ufukwe tunauona kama kitu kimekaa, kumbe ni mchanga uko safarini na pale umepumzika tu. Kwenu ulikuwa unaletwa na mito midogo ile, Mbezi, Tegeta na vijito vingine, mvua inakwangua vilima vya nyuma huko, mto unabeba, unafika baharini unamwaga. Halafu mawimbi yanaupokea. Sasa mawimbi hayaji yamenyooka, upepo wa kusi unayaleta kwa ubavu, kwa hiyo wimbi linapanda ufukweni limekaa upande na punje ya mchanga inapanda nalo upande, ila maji yakirudi yanarudi moja kwa moja chini. Punje imesogea hatua moja kwenda kaskazini. Wimbi lingine, hatua nyingine. Fanya hivyo mchana na usiku miezi yote ya kusi, utaona mchanga mwingi ajabu unatembea kando ya pwani bila mtu kuuona. Ukitaka kuhakikisha tupa nazi majini karibu na ufukwe, kaa nusu saa, uone inatupwa wapi.

Kwa hiyo ufukwe ni kama duka, mzigo unaingia mlango huu unatoka mlango ule, na ukiziba mlango wa kuingilia duka linaisha taratibu hata kama hakuna mwizi. Ndipo malori yanapoingia. Dar ilipoanza kujengwa kwa kasi watu walichimba mchanga kwenye mito ileile inayolisha ufukwe, miaka na miaka, tripu kwa tripu, na kila tripu iliyopanda ukuta wa nyumba ya mtu ni mchanga ambao haukufika Kunduchi. Hapo hapo tukavunja breki za bahari: matumbawe yalichimbwa yakachomwa chokaa, mengine yakapigwa baruti za wavuvi, na mwamba ukishasagika wimbi linafika nchi kavu na nguvu zake zote. Mikoko nayo ikakatwa.

Na vijana? Hawajakosea. Kina cha bahari duniani kimepanda, kwa wastani kama sentimita 20 hivi tangu mwanzo wa karne iliyopita, na sentimita 20 kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo ni hatua nyingi za mguu. Ila ufukwe wenye mchanga wa kutosha ungeweza kusogea taratibu na kujipanga upya, ule uliofungiwa chakula ndio unakatwa kama keki.

Kuhusu ukuta wa jirani, mpe pole lakini mwambie ukweli. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima halina pa kupandia, linageuka na nguvu zile zile linachimba chini ya msingi, siku moja ukuta unalala. Wengine wanajenga zile kuta za mawe zinazoingia baharini kama vidole, hizo kweli zinakamata mchanga, utaona upande mmoja ufukwe umenona, nenda sasa upande wa pili wa ukuta uone jirani wa kaskazini alivyokondeana. Umemwibia, hakuna lugha nyingine.

Na kama kuna anayedhani bahari inatisha tu haimalizi, awaulize watu wa Pangani habari za Maziwe. Kile kilikuwa kisiwa kweli, kina mivinje, kasa wanapanda kutaga, kikawekwa hifadhi mwaka 1975. Miti ilikuwa inakatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikaisha, na kufika miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Leo ni fungu, maji yakipwa unalikuta watalii wanapiga picha, yakijaa unapita na ngalawa juu yake. Kasa bado wengine wanakumbuka njia, wanataga pale pale, na watu inabidi wahamishe mayai kuyapeleka ufukwe wa bara yasichukuliwe na maji.

Shamba la marehemu babangu liko ukingoni mwa Tana. Kila mafuriko yakija linapungua, mwaka juzi tumepoteza miembe miwili ikaenda nzima nzima na mizizi. Lakini ng'ambo ya pili shamba la jirani linaongezeka, sasa ana mchanga mpya amepanda ndizi! Kuna watu nyumbani wanasema si bure. Nisaidie kabla maneno hayajawa mengi. (Mkulima, upande wa Garsen)

Mkulima pole sana, hasa kwa hiyo miembe. Na naomba jibu hili ulisome kwa sauti nyumbani, wakiwepo hao wenye maneno.

Angalia shamba lenu liko upande gani wa kona. Nakuambia bila kufika huko kwamba nyinyi mko nje ya kona na jirani yuko ndani ya kona. Mto ni kama kuli, akiwa na mbio anabeba, akipunguza mwendo anatua mzigo. Maji yakifika kwenye kona yale ya nje yana safari ndefu na yanakwenda kwa kasi, yanagonga ukingo wenu, na hayaanzi kula juu, yanaanza chini kule usikokuona, yanachimba pango, halafu juu inabaki kama sakafu ya ghorofa isiyo na nguzo, siku moja inashuka yote na mwembe wake. Upande wa ndani maji yamechoka, ni ya kina kifupi, yanatua mchanga kidogo kidogo hadi inakuwa ardhi, ndiyo hiyo jirani amepanda ndizi. Wala usidhani ule mchanga ni wa shamba lenu, wenu pengine umeshuka chini kona mbili tatu mbele, na yeye anakula wa mtu mwingine wa juu huko. Hata angetaka kuwarudishia asingejua arudishe kwa nani.

Na msicheke na jirani bado. Kona ikizidi kupinda inakuwa kama kiatu cha farasi, shingo yake inakuwa nyembamba, na siku ya mafuriko makubwa mto unachoka kuzunguka unakata shingo unapita shoti kati. Kona nzima inaachwa, midomo yake inazibwa na matope, inabaki ziwa lililopinda. Watu wa Tana mnayajua hayo maziwa, mnavua humo kambare na kunywesha ng'ombe, kila moja ni njia ya zamani ya mto. Yule aliyekuwa na shamba la ukingoni anaamka hana mto.

Kitu kimoja nyinyi wa chini mnatakiwa kukijua. Juu huko kuna mabwawa matano ya umeme kwenye mto huo huo, Kindaruma la 1968, Masinga la 1981 na mengine. Maji yakiingia bwawani yanasimama, yakisimama yanatua mzigo, ndiyo maana Masinga linajaa matope kila mwaka. Yakitoka yanatoka mepesi, mikono mitupu, na kuli mwenye mikono mitupu anaokota njiani, kwa hiyo huanza kukwangua kingo na sakafu ya mto. Na matope yale yaliyobaki bwawani ndiyo mbolea ambayo Wapokomo walikuwa wanaletewa shambani bure na mafuriko. Warufiji nao ni hivyo hivyo, kilimo chao cha mlau ni kusubiri mto upande, uache tope, ushuke, ndipo upande mbegu kwenye unyevu, na bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, kwa hiyo wao ndio wanaanza kuiona hesabu hii sasa. Umeme tunautaka wote, mimi naandika hapa na feni inazunguka, lakini tope nalo lina mwenyewe.

Cha kufanya: usilime mpaka mdomoni mwa ukingo, acha mita kadhaa za matete na miti ya asili, mizizi ndiyo nondo ya ukingo. Na mambo ya nani anamiliki ardhi mpya ya jirani waulizeni wanasheria, safu hii haina leseni hiyo.

Shikamoo. Mwalimu katuuliza tofauti ya kuvunjika kwa miamba na mmomonyoko, nimekosa. Pia naomba kujua mawe ya Mwanza nani aliyapanga vile. (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Kuvunjika ni mwamba kuoza pale pale ulipo, kwa maji, jua, joto na baridi, mizizi, hakuna anayeondoka. Mmomonyoko ni pale kile kilichovunjika kinapochukuliwa na maji, upepo au barafu. Kikitua mahali ndipo tunasema kimewekwa, kimelimbikana. Kuvunja, kubeba, kutua, ukiyakumbuka hayo matatu kwa mpangilio huo hukosi tena.

Na mawe yenu ndiyo jibu zuri kuliko la kitabuni. Mawe ya Mwanza hayakupangwa na majitu wala hayakudondoka toka mbinguni, yalikuwa mwamba mmoja wa matale uliofukiwa chini ya udongo, wenye nyufa za kwenda juu na za kulala kama matofali. Maji yakawa yanapenya kwenye nyufa, yanaozesha mwamba, na kona ndizo zinaoza kwanza kwa sababu zinashambuliwa pande mbili tatu kwa pamoja, ndiyo maana jiwe linaishia kuwa mviringo, chukua mche wa sabuni ya kufulia utumie wiki moja uone kona zinakwenda wapi. Hapo bado ni kuvunjika tu, yote chini ya ardhi. Baadaye mvua za miaka isiyohesabika zikaosha udongo ule uliooza zikaupeleka ziwani, huo sasa ndio mmomonyoko, na mawe yakabaki yamekaliana vile vile yalivyokuwa, likiwemo lile la Bismarck mnalopigia picha. Mwambie mwalimu akupe maksi zako.

Nafanya kazi hotelini Malindi. Wageni wanakuja Desemba na Januari wakitaka bahari ya buluu, wanakuta ni chai ya maziwa. Nawaambia nini? Na kwa nini miezi mingine inakuwa safi? (Mhudumu, Malindi)

Waambie wanaogelea kwenye shamba la Machakos. Natania lakini si sana. Ule mto unaomwaga kaskazini ya mji wenu mnauita Sabaki, juu kidogo ni Galana, na juu kabisa huko Nairobi na Ukambani unaitwa Athi, ni mto mmoja una majina matatu kama mtu mwenye vitambulisho vitatu. Mvua za vuli zikipiga Ukambani Novemba, udongo mwekundu wa milimani unashuka njia nzima hadi baharini, na bahati mbaya yenu ni kwamba wakati huo upepo ni kaskazi, unasukuma maji ya mto kuja kusini, yaani kwenye vitanda vyenu vya ufukweni. Kusi ikiingia maji machafu yanasukumwa kwenda Mambrui na juu zaidi, nyinyi mnabaki na buluu. Kwa hiyo mgeni wako amekuja msimu ambao mto unamlenga.

Si kwamba imekuwa hivi siku zote. Hapa kuna kitu kinanifurahisha sana. Tumbawe linakua kidogo kidogo kila mwaka kama mti, na linapokua linafungia ndani yake kemikali za maji ya mwaka ule, na udongo wa mto unaleta madini ya bari. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja la huko kwenu Malindi lenye umri wa kama miaka 300 wakasoma mwaka kwa mwaka, utafiti ukatoka 2007. Miaka ya 1700 na 1800 bari ni kidogo, imetulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 inaruka juu na haijarudi tena. Ni wakati ule wa wakoloni, watu wanabanwa kwenye maeneo madogo, misitu inafyekwa, milima inalimwa bila matuta. Kufika miaka ya 1930 Machakos ilikuwa imechanika, serikali ikaona dawa ni kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza watu hadi Nairobi kupinga na ng'ombe wakarudishwa. Baadaye matuta yalikuja kufanya kazi kweli, yale ya fanya juu, unachimba mfereji unatupa udongo upande wa juu wa mlima, mvua yenyewe inamalizia kusawazisha. Mtu aliyeona picha za zamani akienda Machakos leo haamini. Lakini bonde la Athi ni kubwa na mto bado mwekundu.

Na usilalamike sana maana udongo huo ndio umewapa ufukwe. Hoteli za zamani za ghuba ya mji zilijengwa karibu na maji, leo mgeni anatembea kwenye mchanga hadi anauliza kama bahari imehama. Halafu mpeleke kwenye nguzo ya Vasco da Gama, umbali mfupi tu hapo, aone mwamba unavyoliwa na mawimbi kwa chini. Mji mmoja, huku inanyang'anya, huku inaleta.

Nyuma ya nyumba yetu Kondoa kuna korongo. Nilipoolewa hapa lilikuwa mbali, mwaka huu limefika kwenye choo. Tunalijaza takataka lakini mvua ikija linakuwa kubwa zaidi. Tufanyeje? (Mama Watoto, Kondoa)

Dada, acheni takataka kabisa. Maji yanapita pembeni yake, yanachimba kuta, ndiyo maana linapanuka, na mifuko yenu inaenda kumsumbua mtu wa chini.

Korongo halikui kutoka mdomoni, linakua kutoka kichwani, linapanda mlima kuja kwenu. Pale kichwani maji yanaanguka kama maporomoko madogo, yanachimba chini, juu inakatika, kichwa kinarudi nyuma hatua moja. Mara nyingi mwanzo wake ni njia tu ya ng'ombe au ya watu wanaoenda kisimani. Kwa hiyo tibuni juu ya kichwa kabla ya korongo lenyewe: mfereji wa kukinga maji yasifike pale, uyageuze kwenye nyasi. Ndani ya korongo wekeni vizuizi vidogo vidogo vya mawe au matawi, vingi na vifupi, si kimoja kikubwa, maji yakipunguza mwendo yatatua mchanga nyuma ya kila kizuizi na sakafu itapanda yenyewe. Kuta pandeni nyasi na mkonge. Na fungieni mbuzi, najua ndilo gumu.

Kondoa si wageni na hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoliwa zaidi la Kondoa Irangi, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Watu waliumia, wengine walihama na ng'ombe wao, sitaki kulipamba. Lakini majani yalirudi, vichaka vikarudi, makorongo mengi yakatulia. Mwulize mama mkwe, lazima anakumbuka. Ila wanaosema ni kosa la ng'ombe peke yao nao wanarahisisha, wataalamu waliopima tabaka za udongo wa huko wamekuta mmomonyoko ulikuwepo mamia ya miaka kabla ya mkoloni, ardhi yenu ina mteremko, udongo laini na mvua za ghafla, inahitaji sababu ndogo tu.

Nilienda Ngorongoro nikaonyeshwa kichuguu cha mchanga mweusi wakasema kinatembea. Ni kweli au ni hadithi ya watalii? (Mpiga picha, Arusha)

Kweli kabisa. Ni majivu ya volkano, yanasemwa ni ya Ol Doinyo Lengai, urefu wa juu kama mita 9, umbo la mwezi mwandamo, na husogea kwenda magharibi kwa wastani wa mita 17 hivi kwa mwaka. Upepo wa huko unavuma upande mmoja, unakwangua punje za mgongoni, unazipandisha hadi kileleni, zinamwagika mbele. Pembe mbili za ule mwezi zinatangulia kwa sababu ni nyembamba, zina mzigo mdogo kuliko katikati. Nyuma yake kuna vigingi vimeandikwa miaka, ukisimama kwenye kigingi cha zamani ukaangalia mchanga ulipo sasa utapata picha nzuri kuliko ya kupanda juu. Na mkija msichote kwenye chupa, unapungua.